Mwananchi, Ardhi na Mvua: Mafunzo ya Uluguru, Kondoa na Shinyanga

Kila mwaka tunapolifungua somo la mazingira katika madarasa yetu ya itikadi huwa tunaanza kwa swali moja. Kwa nini mwananchi ambaye ameiona mvua ikichelewa, ambaye ameuona mto wa kijiji chake ukikauka na udongo wa shamba lake ukichukuliwa na maji, bado anakata mti na kulima hadi ukingoni mwa mto? Na kila mwaka makada hutoa jibu lile lile, tena kwa haraka: ni ukosefu wa elimu. Wananchi hawaijui hatari iliyo mbele yao. Basi na waelimishwe.

Tunakiri kwamba sisi wakufunzi wenyewe tulilifundisha jibu hilo kwa miaka mingi. Ni jibu jepesi, na linampendeza anayelitoa, kwa kuwa linamweka yeye upande wa wanaojua na mwananchi upande wa wasiojua. Lakini kila tulipolipima kwa historia ya nchi yetu tuliliona linapungua. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi mkulima na mfugaji wameijua hatari kabla ya mtaalamu, na bado hawakuchukua hatua aliyowaagiza mtaalamu. Inaonyesha pia kwamba watu wale wale walioitwa wakaidi leo, kesho yake, kwa hiari yao, walifanya kazi kubwa kuliko ile waliyoikataa.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuiona hatari ni jambo moja na kuchukua hatua ni jambo la pili. Kati ya mambo hayo mawili yako maswali matatu ambayo mwananchi hujiuliza kimya kimya hata kama hakuna anayemwuliza: Nani ameamua? Nani atafanya kazi? Nani atavuna? Mahali ambapo majibu ya maswali hayo yalikuwa mabaya, mahubiri na faini havikufua dafu. Mahali ambapo majibu yalikuwa mazuri, ardhi iliponywa. Tutalithibitisha jambo hili kwa mifano mitatu ya nchini mwetu: Uluguru, Kondoa na Shinyanga. Kisha tutauliza mifano hiyo inatufunza nini leo, wakati ambapo dunia nzima inakabiliwa na mabadiliko ya tabianchi.

Mvua ilikuwa suala la uongozi

Ni kosa kudhani kwamba hifadhi ya ardhi ni somo lililoletwa nchini na wageni. Wamatengo wa Mbinga walilima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kama miraba mlimani, yakishika maji na udongo na kuozesha majani yawe mbolea. Wachagga walichimba mifereji iliyoteremsha maji kutoka kwenye vijito vya Kilimanjaro mpaka migombani. Wasukuma walitenga ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, wakati majani mahali pengine yamekwisha. Hakuna bwana shamba aliyetoa amri kuhusu mambo hayo.

Tena katika Usukuma mvua ilikuwa ni suala la uongozi hasa. Mtemi alihesabiwa kuwa na dhamana juu ya mvua, na mtemi ambaye nchi yake ilikauka mfululizo aliweza kuondolewa. Sisi tunaofuata mawazo ya kisayansi hatuamini kwamba mtemi aliweza kuleta mvua. Lakini tusikimbilie kucheka. Chini ya imani hiyo palikuwa na wazo la maana: kwamba hali ya ardhi na maji ni jambo la jamii nzima, na kwamba kiongozi anaulizwa habari zake. Mtu aliyekulia katika wazo hilo si mtu asiyejali mazingira.

Utaratibu huo wote ulipigwa na mapigo ya miaka ya 1890. Sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika Afrika Mashariki. Nyuma yake zilifuata njaa na ndui, na vita vya uvamizi wa Wajerumani. Watu walipopungua na mifugo ilipokwisha, mashamba na malisho yaligeuka pori, na mbung'o wakaingia mahali ambapo zamani ng'ombe walilisha. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, ambaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba kabla ya ukoloni watu wa nchi hii walikuwa wameyatawala mazingira yao, na kwamba walinyang'anywa utawala huo pamoja na uhuru wao. Wapo waliomkosoa kwamba aliipamba mno hali ya zamani, na ukosoaji huo una haki yake, maana njaa zilikuwapo pia zamani. Lakini kiini cha hoja yake kinasimama. Pori ambalo mkoloni alilikuta na kulidhani kuwa hali ya asili lilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya maangamizi ya karibuni.

Uluguru: matuta ya amri

Katika miaka ya 1930 upepo ulibeba udongo wa mashamba makubwa ya Marekani na kuufanya mawingu ya vumbi. Habari hizo ziliwatia hofu maofisa wa Kiingereza katika makoloni yao ya Afrika. Walianza kuona jangwa kila mahali mkulima Mwafrika alipolima mlimani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hofu hiyo ikageuka miradi: Mlalo katika Usambara mwaka 1946, Usukuma mwaka 1947, na Uluguru mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Tuitendee haki historia. Mmomonyoko wa Uluguru haukuwa wa kubuni. Milima ni mikali, mvua ni nyingi, watu walikuwa wakiongezeka, na misitu ya juu ilikuwa imekwisha kutengwa kuwa hifadhi ya serikali tangu wakati wa Wajerumani, hivyo mkulima hakuwa na mahali pa kupanukia. Maji ya mto Ruvu, ambayo yanategemewa na watu wa bondeni hadi pwani, yanatoka katika milima hiyo. Hatari ilikuwapo, na Waluguru waliiona. Walikuwa na njia zao za kuipunguza, kama vile kupanga takataka za shamba kukingama na mteremko ili zishike udongo.

Mradi wa kikoloni haukuanzia hapo. Uliamuru kila mlipa kodi akate matuta mapana mlimani kama ngazi, kwa siku kadhaa za kila wiki, bila ujira, na asiyefanya alitozwa faini au kushtakiwa. Matokeo yake shambani yalikuwa mabaya. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Aliyekata tuta pana alilifukia tabaka hilo na kuufunua udongo wa chini usio na chakula cha mmea. Mkulima alifanya kazi nyingi zaidi ili avune mahindi machache zaidi. Na katika ukoo wa Kiluguru, ambao hufuata upande wa mama, ardhi ilikuwa mikononi mwa ukoo na wanawake walikuwa na sauti juu yake. Mradi ulizungumza na wakubwa wa utawala na kuwapita hao wenye ardhi.

Sasa yatazame yale maswali matatu. Nani ameamua? Serikali ya kigeni na watawala wa kienyeji iliowatumia. Nani atafanya kazi? Mkulima na mkewe. Nani atavuna? Watu wa bondeni pengine, lakini si mwenye tuta. Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuukataa mradi. Polisi walitumia nguvu na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mradi wa matuta ulikufa. Young na Fosbrooke, walioandika kitabu juu ya ardhi na siasa katika Uluguru mwaka 1960, walieleza wazi jinsi jambo la kilimo lilivyogeuka kuwa jambo la madaraka. TANU wakati huo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, maana ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Manung'uniko kama hayo ya matuta na ya kupunguza mifugo kwa lazima yaliifungulia milango ya vijiji katika sehemu nyingi za nchi.

Iko sehemu moja ya Uluguru ambayo kada hana budi kuijua, nayo ni Mgeta, upande wa magharibi. Huko matuta hayakufa. Wakulima wa Mgeta walilima mboga kwa ajili ya soko la mjini, wakatia samadi, wakaleta maji kwa mifereji. Kwa mboga zenye mbolea na maji tuta lililipa. Watu wa milima ile ile walilipokea tuta lile lile mahali lilipowanufaisha na kulikataa mahali lilipowapunja. Yule anayesema kwamba Waluguru walikataa matuta kwa ujinga na aeleze habari ya Mgeta.

Lakini ushindi wa 1955 ulituachia deni. Baada ya Uhuru mwaka 1961, sheria yoyote ya kuhifadhi udongo ilinukia ukoloni. Viongozi wetu waliokuwa wamewaongoza wananchi kuyakataa matuta walipata taabu kuwaambia watu wale wale kwamba udongo kweli unakwenda. Kukataa njia mbaya kuligeuka, kwa wengi, kuwa kuisahau hatari yenyewe. Hili ni funzo la kwanza: anayelazimisha jambo jema kwa njia mbaya hulichafua jambo lenyewe kwa kizazi kizima.

Makosa yetu wenyewe, na ponyo la Kondoa

Itikadi inayokosoa mkoloni tu, na kunyamazia makosa yake yenyewe, si itikadi ya kujenga. Mwezi Novemba 1973 iliamriwa kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976. Shabaha yake, yaani shule, zahanati na maji kwa kila mtu, ilikuwa njema, na sehemu yake ilitimia. Lakini katika mikoa mingi kuhama kulifanywa kwa haraka na kwa amri. Katika Shinyanga watu walihamishwa kutoka kando ya ngitili zao. Mwenye ngitili hakuweza kuilinda akiwa mbali nayo, na katika kijiji kipya ardhi ilihesabiwa ni ya wote, jambo ambalo kwa vitendo mara nyingi lilimaanisha kwamba haina mlinzi. Mifugo iliyokusanywa mahali pamoja ilimaliza majani, na kuni za kuzunguka kijiji zikaisha. Ngitili ambazo zilikuwa zimestahimili mapigo mengi ya nyuma zilivunjwa na nia njema isiyouliza.

Katika mwaka huo huo wa 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Kazi yake kubwa ilikuwa katika Kondoa, katika nchi ya Warangi, ambako makorongo yalikuwa yameila ardhi kwa kina cha kutisha. Mkoloni naye alikuwa amejaribu huko kwa matuta na kwa kupunguza mifugo. HADO ilichimba makingamaji kwa matrekta na kupanda miti, lakini mifugo ilizidi kukanyaga kila kilichopandwa. Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi mzito: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Mifugo ipatayo 90,000 ilihamishwa.

Tuyapime matokeo bila upendeleo. Ardhi iliponyoka, tena upesi kuliko wengi walivyotazamia. Majani yalirudi, vichaka vikafuata, na katika makorongo mengi udongo ukatulia. Kwa macho ya aliyeyaona makorongo yale, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini gharama yake iliangukia wafugaji. Maziwa ya watoto yalikwenda, samadi ya shamba ilikwenda, akiba ya familia ilikwenda kwa ndugu walioko nje ya eneo, na mzigo wa mifugo ukahamia katika nchi za jirani ambazo nazo zina udongo wake. Ilichukua karibu miaka kumi kabla ya ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini kuruhusiwa na kuhimizwa. Na msaada wa kigeni ulipokwisha mwaka 1996, ulinzi ulipolegea, mifugo ilianza kurudi.

Hivyo Kondoa si Uluguru, kwa sababu njia iliyotumika ilifaa kwa udongo. Lakini mponyaji alikuwa serikali, na mwananchi alikuwa mtazamaji wa ponyo la ardhi yake mwenyewe. Hili ni funzo la pili: amri yaweza kuiponya ardhi, lakini ponyo la amri linahitaji mlinzi daima.

Shinyanga: jibu lililokuwapo kijijini

Shinyanga ilikuwa imekatwa miti kwa awamu. Katika wakati wa Waingereza misitu ilifyekwa kwa makusudi ili kumfukuza mbung'o. Shinyanga ndiyo ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o. Kisha ikaja pamba, ikala pori lililobaki. Ng'ombe wakaongezeka, kisha kuhamia vijijini kukamaliza kazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa uwanda mtupu. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na pale zilipokosekana kabisa walipikia samadi kavu na mabua, yaani walichoma mbolea ya shamba lao. Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga katika miaka hiyo alishtushwa na hali aliyoiona, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

Hapa ndipo penye funzo kubwa. HASHI ilianza kama miradi yote inavyoanza. Ilijenga vitalu vikubwa vya serikali, ikaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ikawagawia wananchi wakapande. Miche mingi ilikufa. Ingekuwa rahisi kuandika katika taarifa kwamba wananchi hawana mwamko. Badala yake wataalamu walikaa na wananchi na kuuliza: ninyi wenyewe mlifanyaje zamani? Jibu likawa ngitili.

Kazi iligeuka. Badala ya kupanda mti mgeni, familia, ukoo, shule au kijiji kilitenga ardhi na kuiacha ipumzike, na visiki vya migunga na miti mingine ya kienyeji vilivyokuwa hai chini ya udongo vikachipua vyenyewe. Hapakuhitajika kitalu wala gari. Palihitajika makubaliano. Makubaliano hayo yalifikiwa katika dagashida, yaani baraza la wananchi la Kisukuma, na kutiwa nguvu na sheria ndogo za vijiji. Aliyeingiza ng'ombe katika ngitili iliyofungwa alihukumiwa na majirani zake. Sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kupambana na wizi wa ng'ombe, walilinda pia majani.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini mwanamke wa Shinyanga haoni tuzo wala hekta. Anaona kuni karibu na nyumbani, nguzo na fito za kujengea, dawa za miti, uyoga, asali, na majani ya ng'ombe mwezi wa Septemba. Aliyebishana na bwana misitu kuhusu mche wa kigeni ndiye huyo huyo aliyelinda kisiki cha mgunga. Je, alielimishwa nini kati ya siku ile na siku hii? Tunaona kwamba aliyeelimika zaidi katika habari hii ni mtaalamu.

Wala tusiifanye Shinyanga kuwa hadithi ya peponi. Ngitili kubwa zilikuwa za wenye ardhi na ng'ombe wengi. Mwenye ekari mbili hakuweza kuacha hata moja ipumzike, na mahali pengine mali ya kijiji ilisimamiwa kwa faida ya wachache. Watu na mifugo wameendelea kuongezeka, na baadhi ya ngitili zimerudi kuwa mashamba. Mradi wenyewe ulifungwa mwaka 2004. Penye tofauti ya mali, swali la nani atavuna halijibiwi mara moja kwa wote. Linahitaji kuulizwa upya, hasa kwa ajili ya wasio na kitu. Hili ni funzo la tatu.

Hatari mpya na maswali yale yale

Leo tunakabiliwa na hatari kubwa zaidi. Kabla ya mapinduzi ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Wastani wa joto la dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi. Zaidi ya sehemu nne kwa tano za barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 zimetoweka. Mkulima wa Tanzania hahitaji takwimu hizi ili ajue kwamba mambo yamebadilika. Anajua kwamba mvua za kupandia hazishikiki kama zamani, na kwamba zinapokuja huja kwa kishindo.

Lakini mwulize sababu. Wengi hujibu: mvua imekataa kwa sababu tumekata miti. Jibu hili tumelifundisha sisi, kwenye mikutano na kwenye mabango, na ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mti unashika udongo, unatunza chemchemi, unaleta kivuli na unyevu. Aliyekata miti amevua ngao yake. Lakini joto la dunia nzima halikuletwa na jiko la mkaa la kijijini. Limeletwa hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa kwa zaidi ya karne moja na nusu katika nchi zilizojengwa kwa viwanda. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya sehemu moja ya sita ya watu wa dunia, leo linatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa itokanayo na nishati hizo.

Hapa tunakosea mara mbili tunapolichanganya somo. Tunambebesha mkulima deni la wenye viwanda, na hilo ni dhuluma. Tena tunampa sababu ya kukata tamaa. Atapanda miti miaka mitano, mvua itakataa bado, naye atasema kwamba tulimdanganya. Na kwa hakika tutakuwa tumemdanganya. Kusema kweli kunadai maneno mawili kwa wakati mmoja: hatari hii haikuanza kwako, na bado ngao yako ni kazi yako. Anayesema neno la kwanza peke yake anafundisha uvivu. Anayesema la pili peke yake anarudia Uluguru.

Chukua suala la mkaa. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, wenye shabaha kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Shabaha hiyo ni njema, kwa ajili ya misitu na pia kwa ajili ya mapafu ya mama na mtoto walioko jikoni. Lakini kada anayesimama mbele ya mama ntilie na kumhubiria madhara ya moshi anamhubiria anayeyajua. Macho yake yamewashwa na moshi huo tangu utotoni. Anachokijua pia, ambacho kada pengine hakijui, ni kwamba mkaa hununuliwa kwa kopo na gesi hununuliwa kwa mtungi. Mwenye pesa ya kopo leo hana pesa ya mtungi leo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo lake ni la mpangilio wa kipato, na dawa yake ni bei, mkopo, ushirika au mita ya kulipia kidogo kidogo. Mahubiri yatakuja nyuma ya hayo.

Linganisha na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Hiyo ilikuwa amri, na bado ilishika kwa sehemu kubwa. Kwa nini? Kikapu na mfuko mbadala vilipatikana sokoni, gharama yake ilikuwa ndogo, na marufuku iliwahusu tajiri na maskini. Hivyo hatusemi kwamba sheria haina kazi. Tunasema sheria hushika pale ambapo mwananchi ana mahali pa kuweka mguu anapouondoa ule wa zamani.

Wajibu wa kada

Kutokana na historia hii tunapendekeza kazi nne kwa kila kada na kila mwanafunzi anayejiandaa kwenda vijijini.

(a) Aanze kwa kusikiliza. Kabla ya mkutano wa hadhara aulize wazee, wanawake na vijana wameona nini katika mvua, maji na udongo, na zamani walifanya nini. Pengine ngitili ya kijiji hicho ina jina jingine.

(b) Ayajibu maswali matatu hadharani, katika mkutano mkuu wa kijiji. Kama hawezi kueleza nani atavuna, basi mpango huo haujaiva, hata kama umeletwa na ofisi kubwa. Hili linahusu pia mikataba ya biashara ya hewa ya ukaa inayoingia vijijini siku hizi: mwananchi ana haki ya kujua nani amesaini, kwa miaka mingapi, na fedha zitaingia mfuko gani.

(c) Aseme kweli yote kuhusu chanzo cha hatari. Mwananchi aliyeambiwa kweli ndiye atakayetusemea katika madai yetu kwa nchi zilizoichafua hewa.

(d) Amtazame asiye na ardhi. Hifadhi inayomfunga maskini na kumwacha tajiri haitalindwa na maskini.

Katika darasa letu tumelibadili lile swali la kwanza. Hatuulizi tena kwa nini mwananchi anakata mti ilhali anaijua hatari. Tunawauliza makada: katika kijiji chako, mtu akiuacha mti usimame leo, ni nani atakayepika bila kuni kesho, na umempangia nini? Darasa huwa kimya kwa muda. Kisha mtu mmoja hunyosha mkono na kuanza kueleza habari za mama yake, na hapo ndipo somo linapoanza.